Roboti wa Utotoni Juu ya Mti wa Krismasi: Maswali na Majibu

Kwa anayekusanya mapambo ya mti wa Krismasi, msimu hauanzi Desemba. Unaanza Julai, maduka ya Hallmark huko Marekani yanapotoa mapambo ya kwanza ya mwaka, kisha mengine yanafuata Oktoba. Siku hizi, katikati ya malaika, nyota na akina Baba Krismasi, utakuta na roboti, wa bati na wa plastiki, wale wale waliokuwa wakigombaniwa na watoto miaka arobaini au sitini iliyopita. Wanaowanunua ni watu wazima. Ndugu zetu walioko Minneapolis, Dallas au Toronto huwakuta kwenye miti ya majirani na wafanyakazi wenzao, na wapo walioanza kurudi nao nyumbani kwenye masanduku. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Watu walianza lini kukusanya mapambo ya Krismasi badala ya kuyatundika tu?

Pambo lenyewe ni la zamani. Katika mji wa Lauscha, Ujerumani, mafundi wa kupuliza kioo walikuwa wakitengeneza mapambo ya mti tangu karne ya 19, na miaka ya 1880 mfanyabiashara F. W. Woolworth akaanza kuyaingiza Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia na njia ya Ujerumani kuelekea kufungwa, kampuni ya vioo ya Corning ilichukua mashine yake ya kutengeneza balbu za taa, ikaifanya itoe mapambo. Lakini hayo yalikuwa mapambo tu. Likivunjika moja, unanunua jingine.

Mambo yalibadilika mwaka 1973. Hallmark, kampuni ya kadi ya Kansas City, ilitoa mapambo 18: mipira sita ya kioo na vikaragosi 12 vya nyuzi. Ujanja ulikuwa kwenye muda. Mapambo yaliuzwa kwa msimu, mwaka ukifuata yanakuja mengine. Aliyekosa la mwaka huu amekosa, labda alitafute kwa mtu. Mwaka 1987 ikaundwa klabu ya wakusanyaji.

Kilichowaingiza mashabiki wa hadithi za sayansi ni pambo la mwaka 1991, chombo cha anga cha Enterprise cha Star Trek, chenye taa zinazowaka. Mwaka uliofuata kikaja chombo kidogo cha Galileo, kikiwa na sauti ya mwigizaji Leonard Nimoy. Watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote kwenye duka la kadi wakapanga foleni. Tangu hapo kila mwenye haki za katuni, filamu au kichezeo alijua kwamba mti wa Krismasi ni soko.

Kwa nini roboti wa miaka ya 1980 ndio wanaotamba zaidi?

Kwa sababu ya mambo mawili yaliyokutana mwaka 1984. La kwanza lilitoka Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na vichezeo vilivyoitwa Diaclone na Micro Change: magari, bastola na redio za kaseti zinazogeuka kuwa roboti. Hasbro ya Rhode Island ikapata haki ya kuviuza, ikaviita Transformers, ikawapa wachapishaji wa katuni Marvel kazi ya kutunga hadithi. Kule Japani Diaclone zilikuwa mashine zinazoendeshwa na marubani wadogo. Marvel wakazifanya viumbe hai. Mhariri wao, Bob Budiansky, akavipa vingi majina na tabia: huyu mwoga, yule mwenye kiburi, huyu mpole anayechukia vita lakini anapigana.

La pili ni sheria. Mwaka huo huo FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliondoa mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto. Kichezeo kikaruhusiwa kuwa na katuni yake, na katuni ikawa tangazo la nusu saa. Mtoto wa miaka saba alimsikia Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, kwenye runinga, kwa sauti nzito ya Peter Cullen, kisha akamkuta kwenye rafu ya duka. Mwaka 1986, katika filamu ya katuni, Optimus aliuawa ili vichezeo vipya vipate nafasi. Watoto walilia ndani ya kumbi za sinema, na mwaka 1987 katuni ikamfufua.

Mtoto huyo leo anakaribia miaka hamsini. Ana mshahara, ana sebule, ana mti. Ukitaka kuielewa biashara hii yote, shika jambo hili moja: bei hufuata utoto wa mtu mwenye fedha leo.

Na wale roboti wa bati wanaoonekana wa kizamani zaidi, je?

Kanuni ni hiyo hiyo, ila kizazi kimoja nyuma. Baada ya vita, Japani haikuwa na malighafi. Mwishoni mwa 1945, Matsuzo Kosuge wa mji wa Otsu alitengeneza kijigari cha jeep kwa bati la makopo matupu ya wanajeshi wa Marekani. Msomaji aliyewahi kupasua kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo akaunda gari ataujua ufundi ule bila kuelezwa. Miaka ya 1950 kampuni za Masudaya, Yonezawa na Nomura zilikuwa zikipeleka Marekani roboti wa bati waliochapwa rangi, wengine wa kujaza ufunguo ubavuni, wengine wa betri. Filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956, yenye roboti aitwaye Robby, iliongeza kiu.

Kwa mapambo, roboti wa bati wana faida moja. Mwenye umbo la jumla, yaani kichwa cha mraba, macho ya duara na saa za kupimia kifuani, hana mmiliki mmoja wa haki, hivyo watengenezaji wengi humtoa, kwa kioo au kwa bati. Ndiyo maana bei yake ni nafuu na ubora wake hutofautiana sana. Wenye majina, kama Robby, au wale mabondia wawili wa kampuni ya Marx wa mwaka 1964, mwekundu na wa buluu, ambao kichwa cha mmoja huruka ngumi ikimpata kidevuni, hao wanahitaji leseni.

Pambo lina tofauti gani na kichezeo chenyewe? Si ni kile kile kilichopunguzwa?

Sivyo. Mchukue Optimus Prime wa 1984. Alikuwa mchanganyiko wa chuma na plastiki: kichwa cha lori jekundu lenye uso bapa, tela linalofunguka kuwa kituo cha vita, na kigari kidogo ndani yake kiitwacho Roller. Ngumi zake zilikuwa vipande vya pembeni, ukishamgeuza roboti ndipo unazichomeka. Ndizo zilizokuwa za kwanza kupotea, na mpaka leo wanaonunua kichezeo cha zamani huuliza ngumi kabla ya kuuliza bei.

Pambo kwa kawaida haligeuki. Limeganda katika hali moja, kwa hiyo mchongaji lazima aamue mambo ambayo kichezeo kilimwachia mtoto. Awe lori au roboti? Karibu kila mara ni roboti. Awe Optimus yupi? Wa kichezeo ana kifua chenye vioo halisi vya lori na miguu iliyojaa stika. Wa katuni amelainishwa, mistari michache, rangi bapa. Wa filamu ya 2007 ana michoro ya miali ya moto, kwa sababu lori lake ni Peterbilt lenye pua ndefu, si lile la uso bapa. Watu wengi hununua mtandaoni kwa jina tu, boksi likifika wanagundua wameletewa Optimus wa watoto wao badala ya wa kwao.

Kuna na suala la mizani. Kichezeo husimama kwa miguu, pambo huning'inia kwa kitanzi. Roboti ana kifua kizito na bunduki mkononi, kwa hiyo kitanzi kikiwekwa katikati ya kichwa, atainama mbele na utaona kisogo chake msimu mzima. Mchongaji mzuri hukisogeza kitanzi hadi uzito ukae sawa. Kabla hujalipa, liinue pambo kwa kitanzi chake na ulitazame kutoka ubavuni.

Nitajuaje kama ni halisi, na la mwaka gani?

Ligeuze. Chini ya miguu au mgongoni utakuta jina la mwenye haki, mathalani Hasbro, jina la mtengenezaji, na mwaka. Angalizo: mwaka ulio karibu na alama ya hakimiliki si lazima uwe mwaka wa kuuzwa. Vichezeo vya awali vya Transformers vina miaka ya Takara ya kabla ya 1984, kwa sababu kalibu zilikuwepo tayari. Mtu akikuambia chake ni adimu kwa kuwa kimeandikwa mwaka wa nyuma kuliko cha wengine, mshukuru na uendelee na safari.

Kwa mapambo ya Hallmark yaliyo katika mfululizo, tafuta kialama cha mti mdogo wa Krismasi chenye namba. Namba hiyo inakuambia ni la ngapi katika mfululizo. La kwanza na la mwisho ndiyo huwa yanatafutwa zaidi.

Feki hujitambulisha kwa rangi inayovuka mipaka yake, mishono ya plastiki isiyosuguliwa, na tahajia mbovu kwenye boksi. Tatizo hili si geni. Mwaka 1985 Hasbro ilianza kubandika kwenye roboti wake stika inayofichua nembo ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto, kusudi wazazi watofautishe cha kweli na cha kuiga.

Nifungue boksi au nisifungue?

Jibu langu huwaudhi wenye maduka. Fungua. Boksi lisilofunguliwa lina bei zaidi, hilo halina ubishi, lakini tofauti hiyo kwa mapambo mengi haitoshi hata kulipia usafiri wa kulipeleka kwa mnunuzi. Cha muhimu ni kutunza boksi pamoja na ile plastiki ya ndani iliyochongwa kwa umbo la roboti. Usilikunje boksi likae bapa, maana mikunjo haitoki. Pambo lililotundikwa misimu kumi na likarudi kila mara ndani ya boksi lake safi bado lina soko.

Nina pambo linalowaka na kutoa sauti, nimetoka nalo Marekani. Nikilichomeka Nairobi au Dar litafanya kazi?

Inategemea linapata wapi umeme. Yapo ya aina tatu.

Ya betri hayana shida. Ya adapta, soma maandishi madogo kwenye adapta yenyewe. Ikiwa imeandikwa 100–240V, inafaa popote, unabadilisha plagi tu. Ikiwa ni 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 itaungua hapo hapo.

Aina ya tatu ndiyo inayoponza watu. Mapambo mengi ya taa ya miaka ya 1980 na 1990, Enterprise ya 1991 ikiwemo, hayana betri wala plagi ya ukutani. Yana waya mfupi: unachomoa balbu moja kwenye uzi wa taa za mti na kuuchomeka waya huo mahali pake. Uzi wa Kimarekani wa balbu 50 hugawana volti 120, kila balbu ikapata kama volti 2.4. Pambo limeundwa kwa kiasi hicho. Ukilipachika kwenye uzi wa taa ulionunuliwa Kariakoo, wenye mgawanyo tofauti kabisa, unabahatisha. Njia salama ni kuleta na uzi wake wa Kimarekani, kisha kuutumia kupitia transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110 au 120.

Na msimu ukiisha, toa betri. Betri zilizoachwa ndani huvuja, na ule unga mweupe hula vibati vya kugusia. Ukizikuta zimeshavuja, chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo, sugua, kausha, kisha jaribu betri mpya. Mara nyingi roboti hurudi kusema.

Ninaishi Mombasa. Joto na unyevu haviwezi kuyaharibu?

Vinaweza, na tena haraka kuliko wanavyodhani walioandika maelekezo ya kwenye boksi. Plastiki laini na mpira hutoa mafuta na kuanza kunata. Tairi za mpira zikikaa zimegusana na plastiki kwa miaka huacha alama isiyofutika. Bati hushika kutu kuanzia kwenye mikunjo, ambako rangi imepasuka. Jua la dirishani hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano.

Fanya hivi. Futa kwa brashi laini, usitumie maji kwenye kitu chenye stika au betri. Funga kila kimoja kwa karatasi nyeupe isiyo na wino. Gazeti huhamishia maandishi yake kwenye rangi. Weka ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu, na uvibadilishe kila mwaka. Usiviweke darini chini ya mabati. Uvungu wa kitanda ni bora mara mia.

Na kama kimeshageuka njano, usifuate wanaokuambia ukiloweke kwenye dawa ya kung'arisha nywele. Njia hiyo hutumika kwa plastiki tupu, lakini pambo limepakwa rangi juu, na rangi ndiyo itakayotangulia kutoka.

Nina mtoto wa miaka miwili. Roboti ni wa kuchezea, kwa nini nimkataze?

Kwa sababu huyu si wa kuchezea, hata kama babu yake alikuwa. Pambo halitengenezwi kwa viwango vya vichezeo vya watoto wadogo. Lina ncha, lina vipande vinavyong'oka, na hatari kubwa kuliko zote ni betri ndogo za mviringo. Mtoto akimeza betri bapa ya lithiamu, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili tu, hata kama betri imeisha nguvu ya kuendesha kitu. Ukishuku amemeza, usisubiri dalili wala usimtapishe, nenda hospitali mara moja. Hakikisha mfuniko wa betri una skrubu, na watundike roboti matawi ya juu. Ya chini weka mapambo ya nguo na sufu.

Wananiambia ni uwekezaji. Nikinunua leo na kuyaweka, yatanipatia faida?

Yatakupatia boksi. Miaka ya 1990 watu wengi Marekani walinunua mapambo mawili mawili, moja la mti na moja la kuuza uzeeni. Bei za baadhi zilipanda kweli. Kisha mnada wa mtandaoni ukaja, eBay ilianza 1995, na kila mtu akagundua kwamba jirani yake naye alikuwa ameweka la pili. Mengi leo huuzwa chini ya bei yaliyonunuliwa.

Kinachopandisha bei ni kitu ambacho hakuna aliyefikiria kukitunza. Roboti wa bati wa 1955 ni ghali kwa sababu watoto walimpiga chini, wakamwacha mvuani, mama akamtupa. Pambo lililotengenezwa ili litunzwe, likanunuliwa na watu wanaotunza, haliwezi kuadimika kwa njia hiyo. Tena hata uadimu una mwisho wake. Waliompenda roboti wa bati utotoni wengi wamevuka sabini, makusanyo yao yanauzwa na warithi wasiojua hata jina lake. Zamu ya Transformers itafika vile vile.

Wengi wetu hatukukua na roboti hawa. Utoto wetu ulikuwa wa magari ya waya yenye tairi za kandambili. Tuna haja gani na pambo la Optimus Prime?

Labda huna haja naye kabisa, na hilo ni jibu halali. Utoto wa mtu mwingine haununuliki. Mtanzania wa miaka hamsini anayetundika Optimus kwa sababu ameambiwa ni wa thamani ametundika bei.

Lakini tazama nyumba yako ilivyo. Wadogo zetu waliozaliwa baada ya 1995 wengi walimjua Optimus kupitia filamu za 2007 kuendelea, na kwao ni wa utotoni kama alivyo kwa mtoto wa Chicago. Ukiwa na kijana kama huyo, pambo la filamu, lile lenye miali ya moto, lina maana kwake kuliko la 1984 lenye bei ya juu. Mtoto anayekulia Ohio atakuwa na roboti wake mwenyewe, ambaye wewe hujui hata anaitwaje. Muulize, ununue huyo. Na hakuna sheria inayosema lazima pambo litoke dukani. Fundi wa waya anaweza kukuundia gari la urefu wa kidole likaning'inia bila shida yoyote, na hilo halina leseni, halina betri, wala joto la Mombasa halitalifanya lolote.

Lolote utakalochagua, liandikie kikaratasi ukitie ndani ya boksi: mwaka, nani alilileta, na lilikuwa la utoto wa nani. Warithi wanaopokea mkusanyo usio na karatasi hizo huuza wote kwa mkupuo kwa mtu wa kwanza atakayetaja bei. Wenye karatasi hizo huanza kwa kugawana.